Usinisafishie Nyota

Kwenye nguzo ya stima karibu na steji yetu kuna karatasi ya mganga. Anarudisha mpenzi aliyepotea, anashinda kesi za mashamba, anafukuza majini, na, kwa herufi kubwa kuliko zote, ANASAFISHA NYOTA. Namba ya simu iko chini. Mvua imeinyeshea ile karatasi miezi na miezi, na bado inasomeka.

Nimekuwa nikiicheka tangu nihamie huu mtaa. Niliacha kucheka siku niliyogundua kwamba mimi pia nimewahi kulipa nisafishiwe nyota. Sikuenda kwa mganga. Nilipakua programu, nikalipa kwa simu, nikatumiwa risiti. Mganga angalau angenipa na maji ya kuoga.

Maandishi haya ni ya ugomvi, nisikufiche. Nagombana na programu zinazochukua nyota iliyopinda kwenye picha na kuifanya duara kabla mwenye picha hajajua ilipindwa na nini. Nagombana na wanaoziuza, lakini zaidi nagombana na sisi tunaozipenda, kwa sababu hatuzipendi kwenye picha za nyota peke yake.

Nianze na vitu vyangu. Darubini yangu ni ya kioo, aina ambayo Newton alitengeneza ya kwanza mwaka 1668. Haina lenzi kubwa mbele. Chini ya mrija kuna kioo kilichochongwa kama bakuli, kinakusanya mwanga na kuurudisha juu, halafu kioo kingine kidogo kilichokaa mshazari kinautoa pembeni, pale unapoweka jicho au kamera. Kioo changu kina upana wa milimita 150, na mwanga unasafiri milimita 750 kabla ya kukutana. Nilimnunulia mzungu mmoja aliyekuwa anahama Nairobi na kuuza kila kitu, kuanzia makochi hadi sufuria. Shilingi 28,000 pamoja na stendi yenye mota.

Pesa zilitoka wapi? Hapo ndipo stori inaanza kunuka. Nilikuwa naandika insha za watu. Vijana wengi wa Nairobi wanaijua hii kazi hata kama hawaitaji mbele ya wazazi. Mwanafunzi yuko Marekani au Uingereza, ana karatasi ya kurasa nane ya kupeleka Ijumaa, anakulipa, unaandika usiku kucha, anapata A kwa jina lake. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu nimewamalizia watu wengine digrii mara kadhaa. Yaani kabla sijasafishiwa nyota, nilikuwa nasafisha za wenzangu kwa dola.

Na chuo niliachia wapi? Alama za somo moja zilipotea. Mtihani nilifanya, orodha nilitia sahihi, lakini matokeo yalipotoka, mbele ya lile somo palikuwa patupu. Nikaenda idarani, idara ikanituma kwa mwalimu, mwalimu akanirudisha idarani. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Mwishowe mtu mmoja nyuma ya dirisha akanihurumia, akanipa suluhisho: "Wewe rudia tu hilo somo. Ni rahisi kuliko kutafuta."

Kumbuka hayo maneno. Rahisi kuliko kutafuta. Nitayarudia.

Karo ya kurudia haikuwepo, kwa hivyo sikurudia. Nyumbani Voi sikusema kitu. Mama akiuliza masomo yanaendeleaje, nilimjibu yanaendelea. Kitu fulani kilikuwa kinaendelea kweli, lakini hayakuwa masomo.

Basi Januari nikapandisha darubini juu ya paa la ploti yetu Kahawa West, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Kareteka akapanda kuangalia. "Kijana, unampiga nani picha huko?" Nikamwonyesha wingu la Orion. Akachungulia, akasema "Sawa", akashuka. Nikafunga kamera ya mtumba, nikapiga picha yangu ya kwanza ya maana.

Kila nyota ilikuwa pembetatu. Pembetatu kabisa, kama sambusa. Nikaangalia katikati, sambusa. Nikaangalia pembeni, sambusa zenye mikia.

Nilifanya kile ambacho wewe pia ungefanya. Nilitafuta msaada na nikapata wa aina mbili. Wa kwanza ulisema: hiyo darubini ni takataka, nunua nyingine. Wa pili ulisema: kuna programu, unaitupia picha, imefundishwa kwa mamilioni ya mifano nyota inavyotakiwa kufanana, inakurekebishia. Pesa ya darubini nyingine sikuwa nayo. Programu ilimaliza kazi kwa sekunde kama arobaini. Sambusa zikawa nukta. Picha ikawa safi kama ya kalenda. Nikaiweka hewani, wasee wakaipenda, beste zangu wakaisambaza. Mama akaipeleka saiba ya pale Voi, wakamtolea kwa karatasi ngumu, akaibandika sebuleni. Wageni wakija anawaambia, "Hii ni ya mwanangu, yuko chuo, anasoma mambo ya anga." Sikuwa nasoma mambo ya anga hata nilipokuwa chuo. Na nyota zile hazikuwa zangu.

Kuanzia Januari mpaka Mei nilipiga picha na kusafisha. Ikawa tabia. Sikuangalia tena picha mbichi. Kwa nini niangalie? Kila kitu kilitoka duara. Na huu ndio ubaya wa kwanza wa hizi programu: zinakunyima sababu ya kutafuta. Ugonjwa unabaki palepale, dalili tu ndiyo imepakwa poda.

Mwezi Mei nikachanga mafuta na beste yangu mwenye Probox, tukateremka barabara ya Magadi hadi upande wa Olorgesailie, kwenye giza ambalo mtu wa Nairobi amesahau kwamba lipo. Nilitaka Omega Centauri. Kwa wasioijua: ni rundo la nyota zinazokadiriwa kuwa milioni kumi, mbali nasi miaka ya mwanga kama 17,000, na sisi watu wa ikweta tunaliona likipanda juu vizuri wakati wenzetu wa Ulaya wengi hawalioni kabisa. Nilipiga kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba. Baridi, fisi kwa mbali, chai kwenye thamosi. Usiku wa maana kuliko wote niliowahi kukaa nje.

Kurudi nyumbani nikaitupia programu. Ikachanganyikiwa. Kwenye rundo, nyota zimebanana. Pembetatu zangu zilikuwa zimelaliana. Programu ikachukua pembetatu tatu ikafanya duara moja, kwingine ikaacha shimo jeusi mahali ambapo najua kulikuwa na mwanga, kwa sababu niliuona kwa jicho langu. Ilitoka picha maridadi ya mahali ambapo hapapo. Nikaketi na laptopu na mafuta ya Probox yaliyoteketea, nikaelewa kwamba kwa miezi mitano sikuwa nimepiga picha ya kitu chochote. Nilikuwa nimepiga picha ya darubini mbovu, halafu nikaajiri mtu anichoree mbingu juu yake.

Jibu sikulipata kwa mtaalamu wa anga. Nililipata Kariobangi, kwa fundi wa vioo, mzee mmoja niliyeenda kwake kununua kioo cha kunyolea ndevu. Alikuwa anaweka kioo kwenye fremu ya dirisha, na nikaona ameacha nafasi kidogo pembeni. Nikamuuliza, "Mzee, hiyo si itacheza?"

Hakuinua kichwa. "Kioo kinaegeshwa, kijana, hakibanwi. Ukikibana kinajikunja, hata kama huoni. Siku moja kitakulipa."

Nilirudi keja mbio. Nikafungua sehemu ya nyuma ya mrija, nikatoa kioo kikuu pamoja na kitako chake. Kilikuwa kimeshikwa na klipu tatu, kila moja na skrubu zake, na skrubu zilikuwa zimekazwa kama za tairi ya lori. Labda aliyeniuzia alitaka kisicheze safarini. Klipu tatu, pembe tatu. Nyota ilikuwa inaniambia tangu Januari, kwa lugha ya wazi kabisa, kidole kwa kidole, mahali inapoumia.

Elewa ukubwa wa kitu tunachozungumzia. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikromita 70. Kioo cha darubini kinatakiwa kuwa sahihi kwa sehemu ndogo tu ya maikromita moja. Huhitaji nguvu kukipinda. Unahitaji bisibisi na wasiwasi. Nililegeza skrubu mpaka karatasi ya kawaida ikapita chini ya klipu bila kukwama, nikarudisha kila kitu. Dakika ishirini. Gharama sifuri. Usiku ule nyota za katikati zilikuwa duara, na hakuna aliyezichora.

Sasa nakuambia nilichokuja kujua baadaye, kwa sababu ni aibu kugombana na dawa bila kutoa tiba. Nyota iliyopinda haijaharibika. Ni barua. Shida ni kwamba hatufundishwi kusoma, tunafundishwa kufuta.

Chukua picha mbichi, ikuze, angalia sehemu tano: katikati na pembe nne. Kama nyota zote, kote, zimerefuka kuelekea upande mmoja, usiguse vioo. Stendi haifuati mbingu vizuri, au upepo unaisukuma, au mtu anatembea juu ya paa. Nyota inapita angani kwa kasi ya sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa. Kwa darubini kama yangu na kamera yenye pikseli za maikromita 4.3, hiyo ni karibu pikseli 13 kila sekunde. Mota ikizembea nusu sekunde tu, imeonekana. Kupata uhakika ni rahisi: piga picha ya sekunde mbili, halafu ya dakika mbili. Kama ile fupi iko sawa na ndefu imevutika, kesi ni ya stendi. Kama hata fupi imepinda vilevile, kesi ni ya vioo.

Kama katikati ni safi lakini kwenye pembe nyota zina mikia inayotazama nje, kama vimondo vinavyokimbilia katikati, hiyo inaitwa koma. Si kosa lako wala la kiwanda. Kioo cha aina hii kinakusanya vizuri mwanga unaoingia katikati, ule unaoingia pembeni kinauparaza. Kadiri darubini ilivyo fupi kulingana na upana wake, ndivyo mikia inavyokua. Kuna lenzi maalum ya kurekebisha, inakaa kabla ya kamera, na nyingi zinataka umbali wa milimita 55 hadi kwenye sensa, si 50 wala 60.

Kama mikia iko mpaka katikati, vioo havijapangwa, haviangaliani. Toa nyota moja angavu nje ya fokasi mpaka iwe kama mandazi yenye tundu. Tundu, ambalo ni kivuli cha kile kioo kidogo, linatakiwa kukaa karibu kabisa na katikati. Kama limeegemea upande mmoja, zungusha skrubu za kioo kikuu kidogo kidogo, rudisha nyota katikati, tazama tena. Kifuniko cha plastiki chenye tundu dogo katikati kinatosha kukuanzishia kazi hiyo mchana.

Kama ni pembe moja tu au upande mmoja ulioharibika, kuna kitu kimeinama. Kamera ni nzito, mrija wa fokasi umelegea. Zungusha kamera robo duara, piga tena. Ubovu ukibaki kwenye pembe ileile ya picha, unasafiri na kamera. Ukihamia pembe nyingine, uko kwenye darubini.

Kama nyota ni yai, na ukipita fokasi kwenda upande wa pili yai linageuka na kulala kinyume, hiyo ni astigmatizimu, ileile ambayo daktari wa macho anakuandikia. Mara nyingi kioo kimoja kimebanwa au kimejikunja kwa joto. Kabla hujalaumu chochote, acha darubini nje saa nzima ipoe; kioo kilichotoka keja yenye jiko hakiwezi kukaa sawa kwenye baridi. Nyota iliyomegwa kipande kama chapati iliyoumwa, mrija wa fokasi umeingia ndani ya njia ya mwanga. Na ile misalaba ya miale minne? Hiyo usiiguse. Ni vile vyuma vinne vinavyoshikilia kioo kidogo, mwanga ukivipita unachepuka. Darubini ya James Webb pia ina miale yake: sita mikubwa kutokana na kioo chake cha vipande vya pembe sita, na miwili midogo ya ubavuni. Hakuna aliyeona haya.

Halafu kuna letu sisi wa ikweta. Karibu kila mwongozo utakaousoma unasema: elekeza stendi kwenye nyota ya kaskazini. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta. Nyota ya kaskazini imezama kwenye upeo, na ncha ya kusini ya mbingu imeinuka nyuzi 1 tu, nyuma ya maghorofa ya jirani. Stendi nyingi zimetengenezwa kwa watu wa nyuzi 40; ukizilaza hadi 1, chuma cha uzito kinagonga miguu. Wangapi wamerefusha nyota zao kwa sababu ya hili, wakaambiwa hawajui kutumia vifaa? Kuna njia ya zamani isiyohitaji ncha yoyote. Tafuta nyota iliyo juu ya utosi, itazame kama inateleza kaskazini au kusini, sogeza stendi kushoto au kulia mpaka itulie. Kisha nyota iliyo chini mashariki, na hapo unainua au kushusha. Ukiona inazidi kuteleza, umeenda kinyume, rudi. Nusu saa ya subira.

Umeona tunachofanya? Kila umbo linauliza swali, na swali lina jibu, na jibu mara nyingi ni karatasi, bisibisi na muda. Programu inayoanza kwa kufuta umbo imekula swali lote.

Utaniambia haya ni mambo ya watu wadogo juu ya mapaa. Basi tuwaangalie wakubwa. Mwaka 1990 Hubble ilipelekwa angani, na picha za kwanza zikaja na nyota zenye ukungu mzito kuzizunguka. Kioo cha upana wa mita 2.4 kilikuwa kimechongwa kwa ustadi wa ajabu kufuata umbo lisilo sahihi. Ukingo wake ulikuwa bapa zaidi kwa maikromita kama mbili. Chanzo kikapatikana: kifaa cha kupimia kioo wakati wa kuchonga kilikuwa na lenzi iliyokaa milimita 1.3 mahali pasipo pake. Kinachoniuma mimi ni hiki: vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha kosa kabla darubini haijaruka. Vikapuuzwa, kwa sababu kifaa kikuu ndicho kilichoaminika. Mtu aliona umbo baya, akaambiwa umbo baya haliwezekani.

Waliponasa, walifanya nini? Ndiyo, walitumia hesabu za kompyuta kunoa picha, sikatai. Lakini hawakuishia hapo wakasema tumemaliza. Walisoma umbo la nyota zile mbovu kama ushahidi, wakakokotoa kioo kimekosea kiasi gani, na Desemba 1993 wanaanga wakapanda kuweka vifaa vilivyotengenezwa kulingana na kosa lenyewe. Miwani haikatwi kwa mtu anayejifanya anaona.

Na kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Mwaka 1978, James Christy alikuwa anakagua picha za Pluto zilizopigwa kwa darubini ya kioo ya mita 1.55 kule Flagstaff, Arizona. Baadhi zilihesabiwa kuwa mbovu, kwa sababu Pluto ilikuwa imevimba upande mmoja. Christy akafanya kile nilichokuambia ufanye. Akaangalia nyota nyingine kwenye picha ileile. Zilikuwa duara. Kama stendi ingeteleza, zingevimba zote. Basi uvimbe haukuwa wa darubini, ulikuwa wa Pluto. Na ulikuwa unazunguka, mara moja kila siku sita na zaidi ya theluthi. Ulikuwa mwezi. Leo unaitwa Charon.

Sasa fikiria picha hiyo ingepita kwanza kwenye programu iliyofundishwa kwamba kitu chochote kidogo kilichovimba ni kosa. Ingeisafisha Pluto vizuri sana.

Najua mtakachonijibu, nimeshajibiwa. Mmoja anasema: picha zote za anga zimechezewa, mnapanga picha mia moja juu ya nyingine, mnavuta mwanga, sasa unalialia nini? Kweli. Mimi pia napanga na kuvuta. Lakini nikipanga picha mia, kila chembe ya mwanga iliingia kwenye mrija wangu. Hata kunoa picha kwa hesabu nakubali, ukiwa umepima umbo la kosa lako na unajua limetoka wapi. Ninachokataa ni kukisia jinsi nyota ingetakiwa kuwa, halafu kuibandika. Ya kwanza ni kuosha dirisha. Ya pili ni kuchora barabara juu ya dirisha chafu na kuendesha gari.

Mwingine anasema: wewe unaongea kama tajiri, lenzi ya koma ni pesa ya kodi ya miezi. Ndugu, mimi sina hiyo lenzi mpaka leo. Pembe za picha zangu zina mikia na naziacha hivyo, au nakata pembe na kusema nimekata. Umaskini si sababu ya kudanganya. Kwanza programu yenyewe si ya bure.

Wa tatu ndiye anayeniuma, kwa sababu anasema kweli. Anasema: watu hawataki picha yenye mikia. Hawatakuajiri nayo, hawataisambaza. Hapo ndipo tulipofika, na si kwenye darubini peke yake. Wasifu wa kazi unasafishwa. Insha inasafishwa, nilikuwa mmoja wa wasafishaji. Matokeo yenye pengo yanasafishwa kwa "rudia tu". Kila mahali kuna mtu wa dirishani anayekuambia ni rahisi kuliko kutafuta, na ana haki, ni rahisi kwake. Klipu inabaki imekazwa. Anayekuja nyuma yako anapata kioo kilekile, sambusa zilezile, na anaambiwa shida ni yeye.

Insha za watu niliacha Juni. Sijapata utakatifu, kodi nilichelewesha miezi miwili na kareteka ananiangalia vibaya hadi leo. Nilichoshindwa ni kuandika A ya mtu saa nane usiku huku darubini iko pale pembeni ya kitanda.

Agosti nilishuka Voi. Picha bado iko sebuleni. Nikamwambia mama kwamba zile nyota zilichorwa na kompyuta, na kwamba chuo niliacha mwaka uliopita. Alinyamaza, akachambua maharagwe, akanyamaza tena. Nilingoja machozi au matusi. Halafu akaniuliza kitu ambacho katika miezi yote ile ya kupanda ngazi za idara hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Hiyo karatasi yako ya mtihani, mwanangu, ilipotelea wapi hasa? Nani aliishika mara ya mwisho?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejibeba miaka miwili kama mtu aliyefeli, na hata swali la kwanza sikuwa nimeliuliza. Tumeandika barua. Nakala iko kwangu, na tarehe, na muhuri wa kupokelewa. Haijajibiwa.

Juzi niliweka hewani picha mpya bila kusafisha, mikia na yote. Walioipenda unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na vya mguu mmoja. Lakini mtu mmoja nisiyemjua aliandika: "Pembe yako ya chini kulia ni mbaya kuliko zingine tatu. Hiyo si koma tu. Angalia mrija wa fokasi." Nikazungusha kamera robo duara, nikapiga tena. Ubovu ukahamia pembe nyingine.

Skrubu moja imelegea. Leo jioni naikaza. Kidogo tu.